Namna ya Kutengeneza Mfarishi wa Ukutani kwa Kanga na Vitenge

Mfarishi (quilt kwa Kiingereza) una tabaka tatu: kitambaa cha juu, ambacho aghalabu huungwa kwa vipande vingi, kijazio chembamba cha pamba au sufu katikati, na bitana upande wa nyuma. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mshono unaozipenya zote, na mshono huo ndio unaoutofautisha mfarishi na shuka ya viraka. Kwa muda mrefu kazi ya namna hii ilitandikwa kitandani, ikatazamwa na mtu aliyeinama. Kisha, katikati ya mwaka 1971, Jumba la Sanaa la Whitney jijini New York lilitundika mifarishi ya kale ya Marekani kwenye kuta zake kama zinavyotundikwa picha za rangi, katika maonyesho yaliyoandaliwa na Jonathan Holstein na Gail van der Hoof, na watu waliosimama mbele yake wakaona mpangilio wa maumbo na rangi ambao kitandani haukuwahi kuonekana kwa ukamilifu. Mwaka 1979 wasanii wa jimbo la Ohio nchini Marekani, miongoni mwao Nancy Crow, walianzisha maonyesho ya Quilt National katika banda lililokuwa la ng'ombe wa maziwa mjini Athens, jimboni humo, na hayo yakawapa nafasi watu waliokuwa wakibuni mifarishi kwa ajili ya ukuta tangu kipande cha kwanza.

Nayataja hayo mapema kwa sababu yanatawala kila hatua ya mwongozo huu. Anayeshona tandiko anaweza kuamua kila jambo mezani, kwa rula na hesabu, na kazi yake ikatoka nzuri. Anayeshona mfarishi wa ukutani hana budi kuyaamua mambo makubwa akiwa amesimama mbali na kazi yake, kwa sababu mtazamaji naye atasimama hapo. Nachukulia kwamba msomaji anajua kushona mshono ulionyooka, kwa mkono au kwa cherehani, na kwamba anataka kutengeneza kazi moja ya upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120. Kipimo hicho kinatosha kumlazimisha mtu arudi nyuma ili aione kazi nzima, na bado kinapita chini ya mkono wa cherehani ya kawaida bila kumchosha mshonaji.

Vitambaa

Tafuta pamba tupu. Vitenge vingi sokoni siku hizi vimechanganywa na nailoni au poliesta, na vitambaa hivyo hutelezateleza, havishiki mkunjo wa pasi, na huyeyuka pasi ikiwa na moto wa kutosha kulaza pamba iliyo jirani yake. Kama muuzaji hana uhakika, chomoa nyuzi chache pembeni uzichome: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kanga za pamba zinafaa sana, ila ni nyembamba kuliko kitenge, na ukiziunga bega kwa bega kitenge kitaivuta kanga na kuikunja. Dawa yake ni wanga: loweka kanga katika maji ya wanga mepesi, ianike, kisha ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo, nayo itakatika kwa unyoofu na kuvumilia mvuto wa jirani yake. Wanga huo utaoshwa baadaye au utabaki humo bila madhara ikiwa kazi haitahifadhiwa mahali penye wadudu.

Kila kitambaa kifuliwe peke yake kabla ya kukatwa, kwa maana kanga mpya huchuja rangi, hasa nyekundu, nyeusi na buluu ya kukoza. Usitegemee chumvi wala siki kuzuia kuchuja. Fua mpaka maji yawe meupe, kisha sugua kitambaa kibichi kwa kitambaa cheupe, na kikiacha alama baada ya kufuliwa mara kadhaa kiweke kando kwa kazi nyingine. Huu ni uvumilivu mdogo ukilinganisha na uchungu wa kuona wekundu ukisambaa katika weupe wa kazi iliyokwisha kushonwa.

Usividharau vitambaa vikuukuu. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya Mto Alabama nchini Marekani, ambao mifarishi yao ilioneshwa jijini Houston, Texas, mwaka 2002 na baada ya hapo katika Whitney yenyewe, walishona kwa nguo za shamba zilizochakaa: suruali za jinzi, mashati, magunia ya unga. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mjane wa kijiji hicho, alizifumua nguo za kazi za marehemu mumewe na kuziunga kuwa mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Ukiitazama mifarishi ile ya jinzi utaona mahali palipokuwa na mfuko uliobanduliwa, ambapo buluu imebaki kama ilivyokuwa dukani, huku kitambaa cha pembeni kikiwa kimepauka kwa jua na kufuliwa. Rangi ya namna hiyo hainunuliki. Kanga ya bibi iliyochujuka, shati la sare lililopauka mabegani, au kikoi kilicholainika kwa miaka huleta katika kazi vivuli ambavyo jora jipya halina, mradi kitambaa bado kina nguvu. Ukikinyoosha mbele ya dirisha ukaona nyuzi zimeachana, kiache.

Kanga ina jambo lake la pekee, nalo ni jina. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuona maneno bila kuyasoma, na kwa hiyo jina lililobaki zima kwenye kazi yako litasomwa kabla ya rangi kuonekana. Liache zima ukitaka lisemwe, na ujue kwamba kazi yote itaeleweka kupitia kwake. Vinginevyo likate katikati ya herufi, kwa wima au kwa mshazari, libaki kuwa mapigo ya weusi na weupe. Kulikata nusu, likabaki neno moja linalosomeka bila kukusudiwa, ndiko kunakoharibu. Maandishi yenyewe si mageni katika sanaa hii: msanii Faith Ringgold wa Harlem, New York, aliyefariki mwaka 2024, alishona mfarishi wake wa kwanza mwaka 1980 pamoja na mama yake Willi Posey, aliyekuwa mbunifu wa mavazi, na kuanzia mwaka 1983 akaandika hadithi nzima kwenye mifarishi yake, maneno yakiwa sehemu ya picha.

Ukuta wa kazi

Tundika blanketi lenye manyoya mafupi ukutani, lililonyooka na kukazwa pembe zote nne. Vipande vya pamba vitashika vyenyewe juu yake, na vile vizito vitahitaji pini moja. Hapo ndipo utakapobuni. Pima hatua nne au tano kutoka ukutani, weka alama sakafuni, na ujizoeze kurudi kwenye alama hiyo kila unapobadilisha kipande.

Kabla ya kukata chochote, gawa vitambaa vyako katika mafungu matatu: vyenye mwanga, vya kati, na vya giza. Hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika sanaa hii, na wengi hulipita kwa sababu jicho huvutwa kwanza na rangi yenyewe, yaani wekundu au ubuluu, likasahau mwanga wake. Manjano na chungwa huonekana zimetofautiana sana mkononi, lakini kwa mbali huweza kuyeyuka na kuwa kitu kimoja kwa sababu mwanga wake unakaribiana. Njia ya kuhakiki ni rahisi: piga picha vitambaa vyote kwa simu na uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Utashangaa ni vitambaa vingapi vitahama fungu. Kwa kawaida kabati la vitenge hujaa vya kati na kukosa vya giza tupu na vya mwanga tupu, na mfarishi uliotengenezwa kwa vya kati peke yake huonekana umefifia hata kama kila kipande chake kinang'aa.

Mfano bora wa nguvu hiyo ni kazi za Bisa Butler, msanii wa New Jersey ambaye baba yake anatoka Ghana, na ambaye kazi zake zilipata maonyesho makubwa katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago kati ya mwaka 2020 na 2021. Yeye huchukua picha za zamani za Wamarekani Weusi, aghalabu za nyeusi na nyeupe, akazitengeneza upya kwa ukubwa wa mtu halisi kwa vitenge, hariri na lesi. Nyuso zake ni za zambarau, kijani, buluu na wekundu, wala hakuna shavu lenye rangi ya ngozi, na bado kila uso ni wa mtu fulani aliye hai mbele yako, kwa kuwa sehemu za mwanga na giza zimekaa mahali pake pa kweli. Butler alisomea uchoraji kabla ya kugeukia vitambaa, na ujuzi huo ndio unaomruhusu kuwa huru kiasi hicho na rangi.

Kitenge kina ugumu mwingine ambao mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya vitambaa vya maua madogo hautakuambia. Michoro yake ni mikubwa, na ndani ya kitenge kimoja mna weusi, weupe na rangi mbili tatu kali, hivyo hakiingii katika fungu lolote. Ukikikata vipande vya ukubwa wa kati, sentimita 12 hivi, mchoro utakatika kabla ya kueleweka na bado utakuwa na mwanga na giza vikipigana ndani ya kipande kimoja, na kazi nzima itakuwa kelele. Kwa hiyo chagua mojawapo ya ncha mbili. Ama kata vipande vidogo vyembamba, kila kimoja kutoka sehemu moja tu ya mchoro, ili kitenge kimoja kikupe weusi hapa na chungwa pale. Ama kiache kipande kikubwa cha kutosha mchoro kuonekana mzima, na ukizungushie vitambaa vitulivu visivyo na mchoro. Toboa dirisha la mraba katika kadi ngumu, lenye ukubwa wa kipande unachotaka, na ulitembeze juu ya kitambaa mpaka upate sehemu inayofaa. Ndiyo, kitambaa kitabaki na matundu mengi, na hilo si hasara. Mabaki hayo yatatumika.

Vitambaa vitulivu ninavyovisema ni lazima viwepo. Theluthi moja ya kazi iwe ya rangi tupu isiyo na mchoro: khaki, kaniki, kitambaa cha marekani kilicho cheupe au kilichotiwa rangi nyumbani. Macho ya mtazamaji yanahitaji mahali pa kupumzika, na mshono wa juu, ambao tutaufikia, huonekana vizuri mahali hapo tu.

Kukata na kuunga

Kuna njia mbili za kujenga uso wa mfarishi: kuunga maumbo yasiyo picha ya kitu chochote, na kubandika vipande juu ya kitambaa ili kujenga picha. Nashauri uanze na ya kwanza, hata kama moyo wako uko kwenye picha za watu, kwa sababu inafundisha mizani ya rangi bila kukushughulisha na ufanano wa uso.

Mpangilio unaofaa kuanzia ni ule ambao wanawake wa Gee's Bend huuita kwa jina la paa la nyumba. Weka kipande kimoja cha pembe nne katikati au, afadhali, kando kidogo ya katikati. Ushone ukanda upande mmoja, uupige pasi, ukate ncha zake ziwe sawa na kipande. Kisha ukanda wa pili upande unaofuata, na kuendelea kuzunguka. Kata kanda hizo kwa mkasi na kwa jicho, bila rula, za upana wa kati ya sentimita 3 na 9, na usijali zikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Nancy Crow aliacha kukata kwa rula akafundisha wengi kukata kwa mkono huru, na sababu inaonekana katika kazi yenyewe: mstari uliokatwa kwa jicho una uhai mdogo wa kupinda ambao rula haiwezi kuutoa, na mistari mingi ya namna hiyo ikikaa pamoja, uso mzima wa kazi huonekana kana kwamba unapumua. Ila jicho hilo liwe makini. Uhuru wa mkono hauna maana ya kukata bila kuamua.

Baada ya kila kanda mbili au tatu, irudishe kazi ukutani, nenda kwenye alama yako, na ujiulize ni upande upi unaovuta. Ukiona giza limelemea chini, ongeza mwanga mwembamba hapo, usiongeze giza juu ili kusawazisha. Kulinganisha pande zote sawasawa huua kazi. Waweza pia kutengeneza majengo matatu au manne madogo ya namna hiyo, ukayapanga ukutani, ukayakata vipande na kuyaunga upya. Hatua hiyo ya kukata kilichokwisha kuungwa huwatisha wanaoanza, nayo ndiyo mara nyingi inayotoa sehemu bora ya kazi.

Mshono wa kuunga uwe na ukingo wa milimita 6 hadi 7, hatua za mshono milimita 2 hadi 2.5, sindano namba 80 kwa kanga na 90 kwa kitenge kizito, na uzi wa pamba usiong'aa. Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe, kwa sababu kuburuta huvuta kitambaa, hasa kilichokatwa mshazari. Laza ukingo wa ndani kuelekea upande wa kitambaa cha giza ili usionekane kupitia cheupe. Kila mara laza kazi sakafuni uhakikishe kwamba haijainuka katikati wala haijatengeneza mawimbi pembeni. Pembe ikiwa na wimbi, punguza kitambaa kwa kushona mkunjo mwembamba wa pembetatu na kuukata ziada. Kazi iliyoungwa kwa jicho hulipokea rekebisho hilo bila kuonesha kovu.

Ukitaka mstari wa kupinda, weka vitambaa viwili vikipishana kwa sentimita 4 hivi, uso wa vyote ukitazama juu, kisha kata mkunjo mpole kupitia vyote viwili kwa mara moja. Ondoa mabaki ya pande zote mbili, na vilivyobaki vitakaribiana kama kingo mbili za mto. Anza kushona kutoka mwisho mmoja bila pini, ukikutanisha ukingo kidogo kidogo, huku ukikiacha kitambaa cha juu kijifuate chenyewe.

Kwa wale watakaojenga picha, kanuni ni ileile ya mwanga na giza. Kuza picha kwenye karatasi kwa kipimo halisi, chora mipaka ya sehemu za mwanga, za kati na za giza, zipe namba, kata kila sehemu kwa kitambaa chake na uipange ukutani kuanzia ya nyuma kwenda ya mbele. Vipande hushikizwa kwa bandi, yaani mshono mwepesi wa hatua ndefu, kisha kingo zake hushonwa kwa zigizaga nyembamba au kwa mkono ukikunja ukingo ndani. Tumia picha uliyoipiga mwenyewe, ya familia yako, au uliyopewa ruhusa na mwenye haki nayo.

Tabaka tatu

Kijazio cha mfarishi wa ukutani kiwe chembamba. Blanketi jepesi la pamba lililofuliwa linafaa na linaning'inia vizuri. Kijazio kinene cha poliesta kinachowekwa katika majaketi hutuna mno na kuifanya kazi ionekane kama mto wa kulalia. Bitana na kijazio vizidi uso kwa sentimita 5 kila upande. Laza bitana sakafuni uso ukiwa chini, ikaze kwa utepe wa gundi bila kuinyoosha kupita kiasi, weka kijazio, kisha uso wa kazi, na upige bandi ndefu kuanzia katikati kwenda nje, mstari hadi mstari sentimita 10. Bandi zinazoanzia pembeni hukusanya ziada katikati, na ziada hiyo haitoki tena.

Mshono wa juu

Wapo wanaochukulia mshono wa tabaka tatu kuwa kazi ya kumalizia tu. Mimi naamini nusu ya sanaa iko hapa, kwa sababu mshono huu ndio mchoro wa mkono wako juu ya rangi ulizozipanga, na kila mstari wake huchimba bonde dogo linaloshika kivuli. Mwanga wa pembeni ukipita juu ya mfarishi, utaona mistari hiyo kabla ya kitu kingine.

Kwa hiyo tundika kazi iliyopigwa bandi ukutani na uitazame kabla ya kushona. Mstari wa mshono unaweza kufuata viungo vya vipande, na hapo utatilia nguvu kilichokwisha kuwepo. Unaweza pia kuvipuuza kabisa viungo na kupita juu yake kwa mwendo wake, jambo ambalo huunganisha uso uliogawanyika. Mifarishi mingi ya Kusini mwa Marekani ina mistari ya upinde iliyopangwa moja nje ya nyingine, ambayo kipimo chake ni mkono wa mshonaji unavyozunguka kutoka kwenye kiwiko, nayo huvuka kanda na miraba bila kujali mipaka yao. Njia hiyo inafaa sana kwa vitenge, kwa kuwa mchoro wa kitenge na mchoro wa mshono havigombani vikiwa na mwendo tofauti. Ukifuata maua ya kitenge kwa sindano, kinyume chake, mshono utapotea ndani yake na jasho lako halitaonekana.

Rangi ya uzi ni uamuzi wa pili. Uzi unaofanana na kitambaa huacha kivuli tu. Uzi wa rangi nyingine huchora mstari unaoonekana, na uzi mmoja wa rangi ya kati ukipita katika vitambaa vyote utaonekana juu ya giza, utafifia juu ya rangi za kati, na kutokeza tena juu ya zenye mwanga, hali ambayo ni nzuri ikiwa umeitaka. Jaribu kwenye mabaki yenye tabaka zote tatu, tundika jaribio hilo ukutani, rudi kwenye alama yako.

Kwa mkono, tumia sindano fupi na imara, uzi mnene kiasi, na subana kwenye kidole cha kati. Hatua za milimita 3 hadi 5 zinapendeza, na usawa wa hatua una uzito kuliko udogo wake. Kwa cherehani, mistari iliyonyooka hushonwa kwa mguu wa kawaida ukilegeza mgandamizo kidogo. Mistari huru inahitaji meno ya cherehani yashushwe, na kama cherehani yako haina kitufe cha kuyashusha, weka hatua ya mshono kwenye sifuri na ufunike meno kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano, iliyobandikwa kwa utepe. Kisha wewe ndiye unayekisukuma kitambaa, kwa mikono miwili na mwendo usiobadilika. Anzia katikati daima. Na msongamano wa mishono uwe wa kiasi kimoja katika kazi nzima, au tofauti zake zisambazwe, maana sehemu iliyoshonwa kwa wingi husinyaa na ile iliyoachwa hutuna, na kazi yenye katikati mnene na pembeni mpweke haitalala bapa ukutani kamwe.

Asiye na cherehani ana njia nyingine kamili, nayo ina uhusiano na pwani yetu. Wasiddi wa Karnataka, magharibi mwa India, ni uzao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi kama watumwa, askari na mabaharia, miongoni mwao waliotoka Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, ambao hauungwi kwanza na kushonwa baadaye: mshonaji huchukua sari kuukuu kuwa bitana, huanza kwenye ukingo, huweka kiraka na kukishona papo hapo kwa mshono wa bandi ulio wazi, kisha huongeza kingine, akizunguka kutoka nje kwenda ndani mpaka anapofika katikati. Pembe nne hupambwa kwa viraka vilivyokunjwa kama ua. Mistari ya mshono hukaribiana na kuzunguka kama viraka vinavyozunguka, hivyo muundo na mshono huzaliwa pamoja. Ukijaribu njia hii kwa kanga, weka vitambaa vya giza na mwanga karibu nawe katika mafungu yake, kwa kuwa kila kiraka kinachoshonwa kimekwisha kuamuliwa.

Kingo, kutundika na kumbukumbu

Nyoosha kazi kwa mvuke wa pasi bila kuigandamiza, kata kingo kwa rula ndefu (hapa rula inahitajika), kisha maliza kwa kushona ukanda wa kitambaa kwenye kingo na kuugeuza wote nyuma badala ya kuuonesha mbele. Ukingo wa rangi unaoonekana pande zote hufanya kazi ionekane imewekwa fremu, na kwa maoni yangu huibana. Ukanda uliogeuzwa nyuma huacha rangi ziishie zinapoishia.

Shona mfuko wa kitambaa wenye upana wa sentimita 10 nyuma, karibu na ukingo wa juu, kwa mkono na kwa kushika bitana na kijazio tu, bila sindano kutokea mbele. Ufito wa mbao uliopakwa vanishi, uliokatwa mfupi kuliko kazi kwa sentimita 2, hupitishwa humo na kuning'inizwa kwenye misumari miwili. Usitumie gundi, wala stepla. Epuka ukuta unaopigwa na jua, kwa sababu mwanga hula rangi za pamba bila kurudisha. Majumba ya makumbusho huwasha taa dhaifu, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), kwa vitambaa kwa sababu hiyo hiyo. Kazi isiyotundikwa izungushwe kwenye bomba la kadi lililofunikwa kwa shuka safi ya pamba, uso ukiwa nje, na isikunjwe.

Nyuma ya kazi shona lebo ya kitambaa, iliyoandikwa kwa wino usiochuja: jina lako, jina la kazi, mwaka, mahali, vitambaa vilivyotumika na asili yake, na vipimo, urefu kwanza kisha upana. Mifarishi mingi iliyotundikwa Whitney mwaka 1971 haikujulikana imeshonwa na nani. Kinyume cha hayo, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837, alilazimika kumuuzia mwalimu mmoja wa sanaa mfarishi wake wa hadithi za Biblia kwa dola 5 mwaka 1891, lakini mwalimu yule aliandika maelezo ya Powers juu ya kila picha, na kwa sababu ya karatasi hizo leo, mfarishi ukiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, tunajua kila umbo lilimaanisha nini kwa aliyelishona. Andika maelezo yako mwenyewe, marefu kadiri unavyotaka, na uyahifadhi pamoja na kazi.

Mwisho piga picha, kwa kuwa maonyesho mengi huchagua kazi kwa picha kabla ya kuziona zenyewe. Moja ioneshe kazi nzima na kingo zake zote nne, kamera ikiwa sawa na katikati ya kazi, katika mwanga wa mchana wenye mawingu au kivulini. Nyingine iwe ya sehemu ndogo, ukiwa umefungua dirisha la upande mmoja tu, ili mwanga upite juu ya mishono na mabonde yake yaonekane.